Ndugu yangu, usipeleke kwanza kiwandani

Ndugu yangu Athumani,

Salaam nyingi. Sisi huku wazima, mama Zuhura mguu umepoa, mvua imeanza. Nilikuwa kimya kwa ajili ya mitihani, lakini hili la kijitabu chako cha historia haliwezi kungoja.

Nimesoma rasimu yote. Ni kazi nzuri, ila ukurasa wa vyama vya mwanzo vya Marekani umeninyima usingizi. Umechora jedwali: huku Hamilton, waziri wa fedha, na chama chake cha Federalist, wanaotaka katiba isomwe kwa upana; kule Jefferson, waziri wa mambo ya nje, na Republican wake (si chama cha leo cha jina hilo), wanaoishika kama ilivyoandikwa. Basi. Mwanafunzi atakariri, atapata alama, na hatajua watu hawa walipigania nini.

Ugomvi uliwaka kwenye benki. Februari 1791 muswada wa kuanzisha benki ya taifa umeshapita Bunge, na Rais Washington anasita kutia saini. Anawauliza mawaziri wake. Jefferson anamwambia: benki haikutajwa popote, na kile kifungu cha sheria “za lazima na zinazofaa” hakiruhusu kila kinachorahisisha kazi, bali kile tu ambacho bila hicho kazi haifanyiki. Hamilton anamjibu kwa maandishi marefu: serikali iliyopewa jukumu la kutoza kodi na kukopa imepewa na njia za kulitimiza, maadamu katiba haikuzikataza. Tarehe 25 Washington akasaini. Benki ya mtaji wa dola milioni 10, kwa miaka 20. Jefferson alishindwa, lakini hoja zililetwa mezani.

Sasa twende 1803, ambako jedwali lako halifiki kabisa. Jefferson ndiye Rais, na Napoleon, mtawala wa Ufaransa, anamuuzia Louisiana nzima, lile eneo kubwa la magharibi ya mto Mississippi, kwa dola milioni 15. Nchi inakaribia kuwa mara mbili! Katiba haisemi neno juu ya kununua ardhi ya nchi nyingine, na Jefferson alilijua hilo kuliko yeyote. Aliandika rasimu za marekebisho ya katiba kwa mkono wake. Septemba akamwandikia Seneta Wilson Cary Nicholas kwamba wasiigeuze katiba kuwa karatasi tupu kwa kuifasiri. Na katika barua hiyohiyo akaongeza kuwa marafiki zake wakiona vingine, atakubali. Alihofia Napoleon asije akaghairi. Rasimu zikawekwa kando, na Oktoba Seneti ikapitisha mkataba kwa kura 24 dhidi ya 7. Wale saba ni Federalist, na wapo wenzao waliosimama bungeni na hoja zilezile za kuibana katiba.

Hapo ndipo ninapoumia, Athumani. Hamilton simlaumu. Alisema anachotaka na akaeleza kwa nini. Hata Madison, aliyeipinga benki 1791 akiwa mbunge kisha akiwa Rais akasaini ya pili 1816, alisema wazi kuwa miaka ya matumizi imeshalimaliza suala. Jefferson yeye aliamini hana ruhusa, chama chake kina wingi katika mabaraza yote mawili ya Bunge, na bado akanyamaza. Angeyapeleka yale marekebisho kwenye majimbo, hata baada ya kununua! Kimya cha mtu aliyekuwa mlinzi wa maandishi kiliidhuru ile katiba kuliko benki.

Najua utasema nchi ilihitaji mto Mississippi na bandari ya New Orleans. Ni kweli, wakulima wa magharibi walipitishia mazao yao huko. Ila...

Kopi zimeshaanza kutolewa? Unaweza kunipa nusu ukurasa tu, niiandike mwenyewe Jumamosi? Wewe ungekuwa Jefferson, ungeyangoja majimbo huku Napoleon anakutazama? Shemeji ameshapata uhamisho? Na lile suala la kiwanja cha Mzee limefikia wapi? Nipigie kabla hujaenda kwa mchapaji, hata usiku.

Ndugu yako,
Baba Salma