Barua ya wazi kwa vijana wetu walioko Marekani kuhusu bunduki ndani ya nyumba

Wanangu na wajukuu zangu,

Ninawaandikia nyinyi ambao wazazi wenu walitoka Fizi, Baraka na Uvira huko Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, mkalelewa katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu nchini Tanzania, na leo mnaishi katika majimbo ya Marekani mkiwa mmefikia umri wa kununua bastola. Katika misiba na harusi zetu za karibuni nimesikia mazungumzo yale yale: huyu amenunua, yule anaweka akiba, na mwingine anasema kuwa ni haki yake na hakuna mzee wa kumzuia. Sikuyakatiza mazungumzo hayo mbele za watu, kwa kuwa jambo lenyewe linahitaji maneno yaliyopimwa.

Haki mnayoitaja ipo. Marekebisho ya Pili ya Katiba ya Marekani, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, yanataja wanamgambo na haki ya wananchi ya kuwa na silaha katika sentensi moja, na kwa muda mrefu wanasheria wamebishana kama haki hiyo ni ya mgambo au ni ya kila mtu peke yake. Mwaka 2008, katika kesi iliyohusu marufuku ya bastola katika jiji la Washington, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba mtu binafsi ana haki ya kuweka silaha nyumbani kwake ili ajilinde. Mwaka 2022 mahakama hiyo ikaifikisha haki hiyo nje ya mlango wa nyumba, ilipobatilisha sheria ya New York iliyomtaka mwombaji aoneshe sababu ya pekee kabla ya kupewa kibali cha kubeba bastola.

Wanaoitetea haki hiyo husema kwamba dola yenye silaha zote mikononi mwake inaweza kumgeukia raia, au kumwacha peke yake siku ya hatari. Sisi wa Kivu Kusini hatuna ubavu wa kuidharau hoja hiyo. Vita vilipotufikia mwaka 1996, askari waliopaswa kutulinda walipora wakikimbia, na usiku ule nilitamani kuwa na bunduki kuliko nilivyotamani chakula. Lakini wengi wenu hamkuona yaliyofuata. Vijana wa vijiji walijikusanya, wakaitwa Mai-Mai, wakasema watalinda mashamba na mama zao, na ninashuhudia kwamba wengi walikuwa na nia safi. Miaka ikapita, na baadhi ya makundi hayo yakawa yanaweka vizuizi njiani na kuwatoza akina mama wanaopeleka mihogo sokoni.

Najua Marekani si Kivu, na bastola moja ndani ya kabati si kundi la wapiganaji. Nimelitaja hilo kwa sababu nia aliyokuwa nayo mtu siku ya kununua haina uhakika wa kudumu kwa miaka yote ambayo silaha itadumu. Anayenunua leo akiwa na kazi, mchumba na usingizi mzuri, ndiye huyo huyo atakayekuwa nayo mwaka ambao kazi imekwisha, madeni yamemzidi, na yale aliyoyaona utotoni yanamrudia usiku.

Hapa nazungumzia jambo ambalo sisi wazee tumelikwepa, hata kwenye matanga yanayolihusu. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa risasi nchini Marekani, na kati yao 26,328 walijiua. Mnaponiambia kwamba mnanunua bastola kwa ajili ya mwizi, mimi huifikiria hesabu hiyo, kisha humfikiria kijana anayefanya kazi ya usiku kiwandani, anayetuma pesa kambini kila mwezi, na ambaye hajawahi kumwambia mtu kwamba amechoka. Mtu aliyemeza vidonge mara nyingi huwahiwa na madaktari, na wengi wa wanaookolewa hawarudii tena. Aliyejipiga risasi ni nadra kuokolewa. Kwa hiyo ushauri wangu, kwa nyumba zetu zilizojaa watoto na huzuni zisizosemwa, ni kwamba msiilete, ingawa sheria inawaruhusu.

Atakayeamua vinginevyo bado ni mwanangu, na ninataka ajue mambo ambayo muuzaji huenda asimweleze. Asiye raia, hata akiwa na kadi ya ukaazi wa kudumu, akitiwa hatiani kwa kosa la silaha anaweza kufukuzwa nchini, na safari yote ya wazazi wake ikaishia hapo. Kumnunulia bastola binamu ambaye sheria imemzuia, huku ukijaza fomu kana kwamba ni yako, ni kosa ambalo tangu mwaka 2022 linaweza kukufunga hadi miaka 15. Undugu si utetezi mahakamani. Aliyehukumiwa kwa kumpiga mke wake hana ruhusa ya kuwa na silaha, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ilikubali kwamba hata aliye chini ya amri ya mahakama kwa kumtishia mwenzi wake anaweza kunyang'anywa silaha. Sheria za kubeba na za kuhifadhi hutofautiana kati ya jimbo na jimbo, basi msisafiri nayo kabla ya kuuliza.

Ndani ya nyumba, bastola ikae bila risasi ndani ya sanduku lenye kufuli, risasi zikae mahali pengine, na ufunguo usiwekwe juu ya kabati, kwa maana watoto wetu hupanda viti. Vituo vingi vya polisi hutoa kufuli za waya bila malipo. Anayelemewa na mawazo apige 988, simu ya taifa inayopokelewa usiku na mchana, na akikosa maneno ya Kiingereza aombe mkalimani, au anipigie mimi kwanza, saa yoyote, nami nitakaa naye kwenye simu mpaka kupambazuke.

Ni mimi babu yenu, niliyekuwa mkimbizi wa Nyarugusu.