Armadilo uani kwako

Houston, Texas
Mei

Mpendwa dada Rehema,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Sisi hapa hatujambo.

Picha zako za vile vishimo vilivyotokea uani nimezitazama moja baada ya nyingine. Huyo si panya wala mbwa wa jirani, na hakuna mtu anayekufanyia visa. Ni armadilo, mnyama mdogo mchimbaji mwenye gamba gumu mgongoni. Vile vishimo vyenye mdomo mpana na kitako chembamba, vya kina cha vidole viwili au vitatu, ndiyo kazi yake. Anapitisha pua juu ya udongo, akinusa buu anafukua, anakula, anasogea mbele. Nyasi zako hana haja nazo. Anachotafuta ni mabuu, nyungunyungu, mchwa na siafu, na udongo wa kichanga wa huko Florida ukishamwagiliwa maji unamrahisishia kazi kabisa.

Kwa hiyo nakuomba umzuie shemeji asinunue sumu. Kwanza, hakuna sumu iliyosajiliwa kwa ajili ya armadilo, na atakayeinusa wa kwanza ni paka wenu au yule mdogo anayetambaa. Vidonge vya kufukuzia nondo wa nguo, pilipili ya unga na dawa za kunyunyiza za madukani pia ni kupoteza fedha. Nimeona majirani wengi hapa wakimwaga vitu hivyo mwaka hadi mwaka, na asubuhi vishimo viko pale pale.

Ukitaka kumjua, zima taa usiku usimame kimya uani. Utamsikia kabla ya kumwona, maana anakoroma na kukwaruza majani bila kujificha. Macho yake ni hafifu, na upepo ukiwa unatoka kwake kuja kwako atakukaribia hadi uhesabu mikanda ya gamba mgongoni. Ila usimshtue. Akishtuka huruka juu wima, na ndiyo maana wengi wao hufa barabarani: gari lingempita juu salama, yeye anaruka na kujigonga kwa chini.

Asili yao ni Amerika ya Kusini. Hapa Texas waliingia katikati ya karne ya 19 wakivuka mto Rio Grande, ulio mpakani na Mexico. Huko kwenu waliletwa na watu, wakatoroka au wakaachiwa miaka ya 1920 na 1930, wakazaana. Jike huzaa wakati wa machipuko, na karibu kila mara ni watoto wanne wa yai moja, wote wa kike au wote wa kiume. Nakuambia hili kwa sababu ya lile tundu ulilolikuta karibu na msingi wa nyumba. Msilizibe sasa, huenda watoto wamo ndani. Lijazeni majani makavu kidogo mdomoni. Yakisukumwa nje, bado kuna mwenyewe. Yakikaa siku kadhaa bila kuguswa, hapo mlifukie na kushindilia vizuri, maana tundu refu chini ya msingi au chini ya baraza si jambo la kuacha.

Watoto wakishaanza kutoka na mama yao, tegeni mtego wa kizimba, ule wa waya unaomnasa mnyama akiwa hai. Chambo si lazima. Armadilo hupenda kutembea akiambaa ukuta au uzio, basi wekeni kizimba hapo, kisha simamisheni mbao mbili ndefu mbele ya mlango wake, zikipanuka kuja nje. Yeye atafuata ubao hadi ndani. Mkague kila asubuhi na mapema, jua la Florida lisimuue humo. Na kabla shemeji hajambeba kwenda kumwachia porini, aulize ofisi ya wanyamapori, kwa kuwa sheria za kuhamisha wanyama zinatofautiana kila jimbo.

Bustani ya mboga nayo ingekuwa yangu, ningeizungushia wavu wa kimo cha sentimita 60, na kipande kingine cha sentimita 45 nikizike ardhini, kwani mchimbaji huyu hupita chini. Uani kote ni gharama bure. Punguzeni tu kumwagilia, na matandazo ya majani yasirundikwe karibu na kuta.

Ulilosikia, kwamba armadilo huweza kubeba ukoma, ni kweli. Baadhi yao wana bakteria wake. Watu wengi miili yao huushinda, na ukoma siku hizi unatibika kwa dawa, lakini watoto wasimguse, awe hai au amekufa, na wewe uvae glavu unapofukia vishimo.

Nitumie picha ya ukuta wa nyuma, upande wa jikoni, nikuonyeshe pa kuweka mtego.

Nduguyo akupendaye,
Amina