Asirudi Bucharest kwanza

Shosti wangu,

Voisi yako nimeisikiliza jana usiku nikiwa jikoni, nikairudia tena, na pale uliposema ati bora mwenzio angekuwa Mjerumani kama wangu ndio mambo yangekuwa rahisi, usingizi ukanipaa. Manake ni kinyume kabisa, na nakuona wataka kukata tamaa kwa kitu ambacho sicho.

Hebu nikueleze. Mwenzangu ni Mjerumani na anaishi kwao, kwa hivyo mimi nilikuja kwa sheria ya Ujerumani yenyewe, na hiyo inataka Kijerumani cha A1, yaani kiwango cha kwanza kabisa, kabla hujapewa viza ya kumfuata. Wakumbuka nilivyopotea miezi ile nikapanga chumba Nairobi nisome. Siku ya mtihani wa kuongea unaambiwa ujitambulishe halafu utaje jina lako herufi moja moja, jasho lanitiririka, herufi za jina langu mwenyewe nazisahau. Kupita ni alama 60, nikapata 64.

Wako ni Mromania anafanya kazi Uholanzi. Yaani ni raia wa Umoja wa Ulaya anayekaa nchi isiyo yake, na mtu kama huyo familia yake inaingia kwa sheria ya Umoja, ile ya 2004, sio kwa sheria ya Uholanzi. Mkishaoana hakuna mtihani wa lugha, viza ya kumfuata hulipii ada, ukifika unaomba kadi ya makazi wanatakiwa waitoe ndani ya miezi 6, na kwa kawaida ni ya miaka 5. Yeye awe na kazi yake ya kweli tu. Lakini muoane, shosti, manake uhusiano bila ndoa hata uwe wa miaka mingapi lazima wauchunguze ila hawalazimiki kukubali.

Sasa hiyo habari ya kwenda kuanzia maisha kwao Romania, hapo ndipo naogopa. Kwao ndoa kama yenu, ya jinsia moja, hawaifungi. Kuna Mromania Adrian Coman alioana na Mmarekani, Clai Hamilton, Brussels mwaka 2010, wakataka kwenda kukaa Romania wakakataliwa, kesi ikafika mpaka Luxembourg na tarehe 5 Juni 2018 mahakama ya Umoja wa Ulaya ikasema neno mwenzi wa ndoa halichagui mwanamume wala mwanamke, na nchi haiwezi kumnyima makazi kwa sababu hiyo. Nililia nilipoisoma mara ya kwanza. Ila hukumu ile inamlinda aliyekwenda kuishi kweli nchi nyingine ya Umoja na akajenga familia yake huko ndipo akarudi kwao. Mkitoka Mombasa moja kwa moja hadi Bucharest hamna pa kushika. Kaeni Uholanzi kwanza.

Harusi sisi tulifungia Tønder, Denmark. Ndoa zetu zinafungwa huko tangu 2012, karatasi unazituma kabla kwa Familieretshuset, ile ofisi yao ya serikali ya mambo ya familia, wakiridhika wanakupa cheti cha kuruhusiwa kuoana kinachotumika miezi 4, na mimi hawakunidai kile cheti cha kutokuwa na kizuizi cha ndoa ambacho kingenipeleka kujieleza mbele ya karani huko nyumbani. Mashahidi wetu walikuwa kina mama wawili wa ofisini hatuwajui hata, mmoja akalia kuliko mimi. Ile leso uliyonipa nilijitanda mabegani, baridi kali, na kwenye picha zote inaonekana.

Kigumu chako ni viza ya kuja kufunga hiyo ndoa, ni Schengen ya kawaida, ile ya kutembelea Ulaya kwa muda mfupi, yuro 90, na wanaweza kukataa. Mimi ya kwanza walininyima, wakasema hawaamini nitarudi. Ya pili nikapeleka barua ya likizo ya kazini na statimenti za benki za miezi 6, na nikaandika wazi kwamba naenda kuolewa kisha narudi kuomba viza ya familia. Usidanganye popote.

Na picha zenu za ushahidi wa uhusiano usitoe kwa studio ya mtaani, mtumie azitoe kule kule. Vifungu 162 na 165 vya sheria ya jinai ya Kenya, vile vya kuharamisha mapenzi ya jinsia moja, bado viko tangu mahakama kuu ivibakishe Mei 2019, na mama yako sitaki asikie kwa mtu wa studio.

Muulize mkataba wake wa kazi unaisha lini. Ijumaa mchana niko nyumbani peke yangu, nipigie.

Wako daima