Msimgeuze Mungu kuwa namba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua maana hili jambo limenikaa rohoni na huku kwetu Tanga linazidi kuzunguka. Kuna ujumbe unaforwadiwa kwenye magrupu ya WhatsApp, ya msikitini na ya kwaya sawasawa tu, unasema wanasayansi wamethibitisha kwa kompyuta kwamba Mungu yupo. Halafu vijana waliorudi likizo kutoka vyuoni wanajibu hapohapo kwamba infiniti, yaani kile kisicho na mwisho kwenye hesabu, ni kitu cha kubuni, haipo popote, kwa hiyo na Mungu wenu asiye na mwisho ni hivyohivyo. Mi ni mwalimu wa hesabu na ni muumini, naswali, na nasema wazi kwamba pande zote mbili zinakosea, tena kosa lao ni moja, wamemfanya Mungu kuwa namba.

Tuanze na hiyo kompyuta. Habari yenyewe ni ya kweli ila imekatwa mkia. Kurt Gödel, bingwa mkubwa wa mantiki aliyezaliwa 1906, aliandika hoja fupi sana ya kuonyesha kwamba Mungu lazima awepo, na mwaka 1970 ndo akaanza kuwaonyesha wenzake. Mwaka 2013 wataalamu wawili, Christoph Benzmüller na Bruno Woltzenlogel Paleo, wakaiingiza hoja hiyo kwenye programu, kompyuta ikajibu kwamba ukizikubali kauli hizi za mwanzo basi hitimisho linafuata. Basi, imeishia hapo. Haikusema kauli za mwanzo ni za kweli, kompyuta itajuaje? Na kuna kipande ambacho hakiforwadiwi kabisa: kazi hiyohiyo ilikuja kugundua kwamba kauli za Gödel kama alivyoziandika mwenyewe zinagongana, toleo lililosimama ni lile lililorekebishwa na mtaalamu mwingine wa mantiki, Dana Scott. Sasa mtu aliyeiegemeza imani yake kwenye ule ujumbe, siku akikutana na hiki kipande atashika nini?

Nageukia vijana. Jamani infiniti siyo hadithi, inathibitishwa darasani kwa kalamu. Euclid, miaka 300 hivi kabla ya Kristo, alionyesha namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe, haziishi: chukua orodha yoyote ya namba tasa, zizidishe zote, ongeza moja, hiyo uliyopata haigawanyiki kwa yoyote iliyomo kwenye orodha yako, kwa hiyo kuna namba tasa umeiacha nje. Hakuna ujanja hapo.

Lakini aliyefungua mlango wenyewe ni mwanahesabu Georg Cantor, aliyezaliwa St. Petersburg mwaka 1845 akakulia Ujerumani. Huyu ndo aliuliza swali ambalo wengi waliona halina adabu, je infiniti zote ziko sawa? Nikifika hapa huwa namwita mwanafunzi ubaoni namwambia aandike desimali zisizo na mwisho, moja chini ya nyingine, tuseme 0.1415…, chini yake 0.7182…, kisha 0.3333…, kisha 0.5000…, na tujifanye orodha inaendelea milele na kila desimali iliyopo duniani imo. Halafu namwambia ashuke kwa mshazari, tarakimu ya kwanza ya namba ya kwanza, ya pili ya namba ya pili, ya tatu ya namba ya tatu, azizungushie duara. Anapata 1, 1, 3, 0. Kila moja aiongeze moja, na akikuta 8 au 9 aandike 1, hivyo inatoka 0.2241… na kuendelea. Hii namba iko wapi kwenye orodha? Siyo ya kwanza, wametofautiana tarakimu ya kwanza. Siyo ya pili, wametofautiana ya pili. Siyo ya milioni, wametofautiana ya milioni. Mtoto anasimama na chaki mkononi, anaangalia ubao, halafu karibu kila mwaka kuna mmoja anasema "basi mwalimu tuiongeze kwenye orodha". Haya iongeze, shuka tena kwa mshazari, inatoka nyingine. Hii hoja Cantor aliitoa mwaka 1891 na mpaka leo hakuna aliyeivunja, maana yake desimali ni nyingi kuliko namba za kuhesabia japo zote mbili hazina mwisho. Akaenda mbele zaidi akathibitisha kwamba juu ya kila infiniti kuna nyingine kubwa zaidi, hakuna ya mwisho kwa ukubwa.

Hapo ndo nataka masheikh wetu na mapadri wasikilize vizuri. Mtu akisema Mungu ni ile infiniti kubwa kuliko zote, anadhani ametukuza, kumbe kwa hesabu amesema kitu ambacho hakipo, kwa sababu infiniti kubwa kuliko zote haipo. Cantor mwenyewe aliliona hili mapema. Alikuwa Mlutheri mcha Mungu, na mwaka 1886 akawa anaandikiana barua na Kardinali Franzelin wa Kanisa Katoliki, maana Kardinali aliogopa hizi infiniti zitawafanya watu wamchanganye Mungu na viumbe. Cantor akamjibu kwamba infiniti za kwenye hesabu ni kitu kimoja, zinaweza kuongezwa juu yake, na ukamilifu wa Mungu ni kitu kingine hakiongezeki wala hakipimwi. Kardinali akaridhika kwamba hapo hakuna hatari kwa dini. Na miaka zaidi ya 1,400 kabla yao Augustino, askofu wa Hippo, Mwafrika wa huko iliko Algeria ya leo, alishasema kwamba namba hazina mwisho kwetu lakini kwa elimu ya Mungu zote zimejulikana. Yaani kwake yeye namba zote ni kitu ambacho Mungu anakijua, siyo Mungu mwenyewe.

Sisi Waislamu nasi tuna la kuzungumza hapa na ni zito. Imamu Ghazali, aliyefariki 1111, alitaka kuonyesha kwamba ulimwengu una mwanzo. Akasema, kama mbingu zimekuwa zikizunguka tangu milele bila mwanzo, basi jua limeshazunguka mara zisizo na mwisho, na sayari ya Zohali inayochukua miaka 30 kwa mzunguko mmoja nayo imeshazunguka mara zisizo na mwisho, sasa itakuwaje moja iwe sehemu ya thelathini ya nyingine na bado zilingane? Na hiyo idadi ya mizunguko ni shufwa au witiri? Swali kali sana lile, mi nikilisoma naona kabisa alikuwa anagusa kitu ambacho wana hesabu walikuja kukishika miaka zaidi ya 700 baadaye.

Ila kwa heshima zote za Imamu, Cantor alionyesha kwamba sehemu kulingana na kizima siyo mgongano, ndo tabia yenyewe ya infiniti. Mwanahesabu Mjerumani David Hilbert alikuwa akilieleza hili kwa mfano wa hoteli yenye vyumba visivyo na mwisho, mi wanafunzi wangu nawaambia wazifikirie barabara za Ngamiani, hizi zetu za namba, kama zingeendelea bila mwisho na kila barabara ina nyumba moja na imejaa. Akija mgeni, wa barabara ya kwanza ahamie ya pili, wa pili ahamie ya tatu, wote wasogee hivyohivyo, mgeni amepata nyumba na hakuna aliyelala nje. Watu wameongezeka na idadi ni ileile! Lakini Hilbert huyohuyo mwaka 1925 alisema infiniti haipatikani popote kwenye ulimwengu huu wa kushikika, na kuna mwanafalsafa wa Marekani, William Lane Craig, tangu 1979 anaitetea njia hii ya Ghazali akisema kwenye karatasi sawa, kwenye dunia halisi hapana. Kwa hiyo mjadala wa kama wakati una mwanzo haujafungwa, na hesabu peke yake haitaufunga. Muumini hana sababu ya kuogopa hapo, wala kijana wa chuo hana sababu ya kutamba.

Nikisoma Suratul Kahf siku ya Ijumaa, ile aya ya bahari kuwa wino wa kuandikia maneno ya Mola, naona haikutaja idadi yoyote. Imesema bahari ingekwisha kabla maneno hayajaisha, hata mngeleta nyingine mfano wake kuongezea. Wakristo nao wana Zaburi ya 147 inayosema akili zake hazina mpaka. Hakuna kitabu kati ya hivyo kilichosema Mungu ni kiasi fulani kikubwa.

Kilichonisukuma kuandika ni mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha nne, ana kichwa kizuri sana. Aliuliza mahali anaposoma dini kama infiniti na Mungu kipi kikubwa, akaambiwa hiyo ni kufuru na atubie mbele ya wenzake. Wiki nzima hakunyoosha mkono darasani kwangu. Hilo limeniuma kwa sababu alichouliza ndicho walichokaa kukijadili maimamu na makardinali, na jibu lipo, na jibu lenyewe lingemzidishia imani.

Ombi langu kwa walimu wa madrasa, wa kipaimara na wa sunday school hapa Tanga ni moja tu, mtoto akija na swali la namna hiyo msimfukuze. Kama hesabu yake inawapiga chenga tuiteni walimu wa hesabu, tupo, tutakuja na chaki zetu, tukae naye pamoja, nyie mumweleze ya Mungu na sisi tumweleze ya namba.

Mwalimu wa hesabu,
Makorora, Tanga