Kisu cha kale kisitenganishwe na tope lake

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma mara mbili makala yenu kuhusu kisu kirefu cha Waanglo-Saksoni (watu waliotawala Uingereza takriban karne ya 5 hadi ya 11) kilichookotwa shambani huku Uingereza, na mara zote mbili nimebaki na huzuni. Mwandishi wenu ametueleza urefu wa chuma, amekisia bei yake, kisha akamsifu aliyekiokota kwa kukisugua kwa brashi ya waya mpaka kikang'aa. Kililala wapi, kwa kina gani, ncha ilielekea upande upi, kando yake kulikuwa na nini? Hakuna hata sentensi moja. Nimeishi London miaka 19, na kila nipatapo siku ya mapumziko huenda kuvitazama visu hivi makumbusho. Naomba nafasi nieleze kwa nini sentensi hiyo iliyokosekana ina uzito kuliko picha zote mlizochapa.

Kwanza jina, nalo si jambo refu. Ninyi mmekiita upanga. Waliokifua walikuwa na neno jingine kabisa la upanga, na silaha hiyo kwao ilikuwa na makali pande zote mbili. Hiki walikiita seax, yaani kisu: makali upande mmoja, mgongo mnene upande wa pili, na katika vile virefu vya Uingereza mgongo hukatika ghafla na kuteremka kwa mshazari hadi kwenye ncha. Kiswahili kina neno linalokitosha, jisu. Wanaokosea si ninyi peke yenu, maana hata nembo ya kaunti ya Essex inavichora visu vitatu vilivyopinda kama vitara, kila kimoja na pengo mgongoni.

Sasa nije kwenye lililoniuma. Katika karne ya 6 na ya 7 baadhi ya wanaume walizikwa na visu vya namna hii, na kaburi lililochimbwa kwa subira husema mengi. Kisu kikikutwa kimelala kiunoni, tunajua kilivaliwa vipi. Huku Ulaya bara hukutwa safu ya misumari midogo ya shaba imejipanga pembeni mwa chuma, wakati ngozi yenyewe imekwisha oza zamani. Safu hiyo ndiyo mshono wa ala, na kwayo wataalamu huweza kuichora ala nzima. Anayekivuta kisu kutoka udongoni kwa haraka huitawanya misumari ile, na ikishatawanyika hakuna awezaye kuirudisha mahali pake.

Desturi ya kuzika watu na vitu vyao ilififia kufikia mwanzo wa karne ya 8. Hivyo majisu yaliyo marefu zaidi, ya karne ya 9 na ya 10, kwa sehemu kubwa hayatoki makaburini. Mengi yametoka mtoni, hasa Thames. Tope zito la mto halipitishi hewa, ndiyo maana chuma husalimika humo kwa miaka 1,000 na zaidi, wakati kwenye udongo unaopitisha hewa kingebaki donge la kutu.

Linalojulikana kuliko yote lilitolewa mtoni karibu na Battersea mwaka 1857, nalo liko katika Jumba la Makumbusho la Uingereza. Lina urefu wa sentimita 72. Nyuzi za shaba na za fedha zimepigiliwa ndani ya mifereji iliyochongwa kwenye chuma, na nyuzi hizo zinaandika herufi zote 28 za runi, yaani alfabeti ya kale ya Waanglo-Saksoni, baadhi zikiwa zimekosewa mahali pake. Hakuna kitu kingine cha zama zile kilichopatikana na orodha hiyo kamili. Kando ya herufi kuna jina la mtu, Beagnoth. Nimesimama mbele ya kabati lile mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kila mara najiuliza swali lile lile: Beagnoth ndiye aliyelifua, au ndiye aliyelivaa? Lilidondoka kwenye kivuko, lilipotea vitani, au mtu alilitupa majini kwa makusudi, kama sadaka? Wataalamu bado wanabishana. Lilitolewa na kibarua, likauzwa, na hakuna aliyeandika lilikuwa tabaka gani la tope wala lililala na nini.

Lipo jingine, lililopatikana Sittingbourne katika kaunti ya Kent, ambalo lina bahati ya kusema lenyewe. Upande mmoja limeandikwa kwamba Biorhtelm alinitengeneza, upande wa pili kwamba Sigebereht ananimiliki. Nilipoyasoma maneno hayo kwa mara ya kwanza nilitetemeka, kwa sababu chuma kinasema "mimi" kama mtu. Lakini majisu yaliyoandikwa ni machache mno. Yaliyobaki hayana sauti nyingine ila ile ya mahali yalipolala.

Ndiyo maana ile brashi ya waya iliniumiza. Kutu ya kisu cha kale si uchafu. Inapotambaa hushika alama za vitu vilivyogusana na chuma: nyuzi za mti au mistari ya pembe ya mpini, chembe za ngozi ya ala, pengine hata mfumo wa nguo ya marehemu. Mtaalamu hukipiga eksirei kwanza, akaona ndani ya donge kama kuna nakshi, au pau za chuma zilizosokotwa na kufuliwa pamoja, kabla hajagusa chochote. Dakika kumi za kusugua hufuta vyote hivyo, na mng'ao uliosifiwa gazetini ni wa chuma kilichovuliwa kumbukumbu yake.

Sheria haisaidii sana. Sheria ya Hazina ya mwaka 1996, inayomtaka anayeokota hazina atoe taarifa, iliangalia zaidi dhahabu na fedha, na ingawa tangu mwaka 2023 imepanuliwa kugusa vitu vya metali vya umuhimu wa pekee, jisu la kawaida la chuma likiokotwa peke yake shambani linaweza kabisa kubaki nje. Kwa hiyo mengi hutegemea hiari ya aliyeokota. Tangu mwaka 1997 Uingereza na Wales zina mpango wa kuorodhesha viokotwa, wenye maofisa katika maeneo mbalimbali, na umekwisha orodhesha vitu zaidi ya milioni 1. Mwandishi wenu hakuutaja.

Najua baadhi ya wasomaji wenu wanaishi huku, na wengine hupenda kutembea ufukweni Thames maji yanapokupwa. Kupekua pale kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Bandari ya London. Mwenye kibali akiona chuma kirefu chenye mgongo mnene, tafadhali akipige picha kikiwa palepale, aandike mahali na siku, asikisugue, akiweke ndani ya mfuko pamoja na tope lake na kukipeleka kwa ofisa. Nanyi, Mhariri, mkirudi kwenye habari ya kisu kile, mpigieni simu aliyekiokota mumwulize ni shamba gani, kona gani, na udongo ulikuwa wa rangi gani. Huenda bado anakumbuka.

Msomaji wenu,
London