Barua ya wazi kwa Kamishna wa Afya wa jiji letu: mfundisheni Mama kabla ya kumruhusu arudi nyumbani

Mheshimiwa Kamishna,

Pokea salamu zangu za heshima. Hii ni barua yangu ya tatu kwako. Mbili za kwanza nilizileta ofisini kwako kwa utaratibu uliowekwa na sikupata jibu, kwa hiyo hii naiandika hadharani.

Usiku wa Jumanne iliyopita mama mkwe wangu, Mmarekani Mweusi mwenye umri wa miaka 66, alichukuliwa na gari la wagonjwa kwa mara ya nne mwaka huu. Nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono imeshika magoti, mabega yakipanda na kushuka, hawezi kusema maneno matatu mfululizo bila kukata pumzi. Alikuwa akiibonyeza inhela yake, kile kifaa cha kuvutia dawa ya kutuliza pumu, tena na tena. Niliigeuza nikatazama kidirisha cha kuhesabia dozi, kikaonyesha sufuri. Baadaye aliniambia kwamba asubuhi ile alikichomoa kikopo cha dawa kilicho ndani yake akakitumbukiza katika bakuli la maji, na kwa kuwa hakikuelea kabisa, akaamini kwamba dawa bado ipo. Ndivyo alivyofundishwa miaka ya 1980, na kwa muda wote huo, katika safari zote za hospitali, hakuna aliyemwambia kwamba kipimo hicho hakiaminiki.

Siku ya tatu aliruhusiwa kutoka, akapewa karatasi 14. Muuguzi alizipitia harakaharaka akiwa amesimama mlangoni, kisha akauliza, "Umeelewa, Mama?" naye akajibu, "Ndiyo, mwanangu." Mheshimiwa, "ndiyo" ile haikuwa ya kuelewa. Ilikuwa ya mtu mzima asiyetaka kuonekana mjinga mbele ya mtoto wa kumzaa. Mimi nimekulia Tanga, na hata kwetu wazee humwitikia daktari hivyo hivyo kwa adabu, kisha wakifika nyumbani huulizana alichosema. Katika karatasi hizo kuna mpango wa pumu wenye rangi tatu, kijani, njano na nyekundu, unaomwambia apige simu ya dharura iwapo nguvu ya pumzi yake itashuka chini ya asilimia 50 ya kiwango chake bora. Hajawahi kuambiwa kiwango chake bora ni kipi, wala hana kifaa cha kukipimia.

Katika droo yake nilikuta inhela tatu za kuzuia pumu, mbili zikiwa hazijafunguliwa. Anasema akizivuta hasikii nafuu yoyote, jambo ambalo ni kweli, kwa sababu dawa ile haifungui kifua papo hapo. Hupunguza uvimbe wa njia za hewa polepole, kwa siku na majuma ya kuitumia kila siku. Anaogopa pia neno steroidi, aina ya dawa iliyomo katika inhela hizo, maana alimwona dada yake akivimba uso kwa vidonge vya jina hilo, na hakuna aliyemweleza kwamba dozi ya kuvuta ni ndogo mno kuliko ya vidonge vile. Badala yake hunywa kahawa nyeusi iliyokolea, kama mama yake alivyofanya. Kahawa husaidia kidogo, lakini haiwezi kuchukua nafasi ya dawa, na mtu wa kumweleza hayo bila kumdharau mama yake hajatokea.

Tafadhali usiseme kwamba huu ni uzembe wa mgonjwa mmoja. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2003 ulionyesha kwamba asilimia 58 ya watu wazima Weusi wa Marekani walikuwa na uwezo wa msingi tu, au chini ya hapo, wa kuelewa maandishi ya afya. Wamarekani Weusi hufa kwa pumu karibu mara tatu zaidi ya Weupe. Sidhani kwamba sababu ni karatasi peke yake. Nyumba zetu zina ukungu ukutani, na malori hupita chini ya madirisha usiku kucha. Lakini karatasi ziko mikononi mwenu, Mheshimiwa.

Na imani nayo haiji bure. Mama amezaliwa Alabama, na alikuwa na miaka 13 mwaka 1972 ulipofichuliwa uchunguzi wa Tuskegee, ambamo wanaume Weusi wenye kaswende walidanganywa na kunyimwa tiba tangu 1932. Hata kipimo cha kupuliza mapafu kilikuwa na kiwango cha chini kilichotengwa kwa ajili ya Weusi, fikra ambayo mizizi yake ni enzi za utumwa, na ni mwaka 2023 tu ambapo American Thoracic Society, chama cha Marekani cha wataalamu wa mapafu, ilishauri hesabu hiyo ya rangi iachwe. Mtu mwenye kumbukumbu hizo hawezi kutulizwa kwa swali la mlangoni.

Miaka miwili iliyopita ulisimama katika ukumbi wa kanisa letu ukaahidi waelimishaji wa afya kwa kila mtaa wa upande huu wa jiji. Mama alikuwa kiti cha mbele, akapiga makofi. Hatujamwona hata mmoja. Kanisani tuna akina mama wauguzi wanaovaa nyeupe kila Jumapili na kuwapepea wanaozidiwa, wafundisheni hao. Huko Los Angeles wafamasia waliwafuata wanaume Weusi kwa vinyozi wao, na matokeo ya mwaka 2018 yakaonyesha shinikizo la damu limeshuka sana. Kwa hiyo inawezekana.

Mimi hufanya kazi ya kulea wazee zamu ya usiku, na mwezi huu nimepoteza zamu sita nikiwa kando ya kitanda chake. Nimechoka, na nina hofu.

Hata kama mengine yote hayawezekani, naomba hili moja. Mama ana miadi Jumatatu saa nne asubuhi. Awepo mtu mmoja atakayeketi naye robo saa, ampe inhela mkononi, na asimwulize kama ameelewa. Amwambie, "Nionyeshe, Mama, utakavyofanya nyumbani," kisha amtazame anavyovuta.

Wako kwa heshima,
Mkwe wake