TPP haikuwa ishu ya ushuru tu

Mhariri, watu wanaiongelea TPP, ule mkataba wa biashara wa Marekani na nchi 11 za ukanda wa Pasifiki, kama vile ilikuwa ishu ya ushuru tu, hapana jamani. Angalia kipengele cha nguo, shati la Vietnam kwa kawaida lisingepata nafuu ya ushuru Marekani mpaka uzi, kitambaa na kushona vyote vifanyike nchi wanachama, na Vietnam vitambaa vyake vingi inanunua China, sasa hapo aliyelengwa nani? Obama mwenyewe alisema wazi China isiachiwe kuandika sheria za biashara. Januari 2017 Trump akaitoa Marekani, Novemba 2020 China ikasaini RCEP, mkataba mwingine wa biashara wa Asia na Pasifiki, na nchi 14, halafu 2021 ikaomba kuingia hukohuko TPP mpya, ile iliyoundwa na nchi zilizobaki! Mimi Vietnam inaniuma, imesaini mikataba yote miwili na bado wakubwa wanaivuta huku na huku.

Msomaji wako, Morogoro